Mtoto Kiziwi na Kusoma Kitabu

Wasikilizaji na wasomaji, mazungumzo yetu haya yawahusu watoto ambao hawawezi kuyasikia mazungumzo yenyewe. Nao ni watoto wetu. Katika nchi ya Ikizu, pande za Nyamuswa, kama katika pande zote za Mara na za Afrika Mashariki, hakosekani mtoto aliyezaliwa bila kusikia, au aliyenyang'anywa masikio yake na homa ya uti wa mgongo, au surua, au usaha wa masikio usiotibiwa mapema. Mara nyingi jina alilopewa na wazazi husahauliwa, akaitwa "bubu" tu. Hupewa fimbo akachunge ng'ombe, au jembe akalime mihogo na pamba, nao ndugu zake wanabeba madaftari kwenda shule. Na pengine hupelekwa shule, akakalishwa dawati la nyuma, akapandishwa darasa kila mwaka kwa huruma, hata akamaliza masomo asiweze kusoma barua ya mistari mitatu.

Swali letu ni hili: je, mtoto kiziwi aweza kufikia kiwango kile kile cha elimu kinachotakiwa kwa mtoto asikiaye? Jibu ni ndiyo. Lakini ziko njia za kumfikisha na ziko njia za kumpoteza, na kila mzazi na kila mwalimu yafaa azijue.

Kwanza tulisahihishe lile jina. Bubu ni mtu asiyeweza kusema kwa sababu ya kasoro ya viungo vya kusemea. Kiziwi ana koo nzima na ulimi mzima. Hulia, hucheka, hupiga kelele. Hasemi kwa kuwa hajasikia neno la kuiga. Wala akili haikai sikioni. Mtoto huyo huyo asemwaye kuwa mpumbavu hujua ng'ombe wa baba yake mmoja mmoja, na akipungua mmoja jioni, yeye ndiye wa kwanza kuona.

Mfuko wa maneno

Ili tuelewe shida ya kiziwi, yatupasa tujiulize kusoma ni kitu gani. Mtoto asikiaye anapoingia darasa la kwanza, haji mikono mitupu. Amekuja na mfuko umejaa maneno. Mwalimu aandikapo ubaoni "baba," kazi ya mtoto ni kuunganisha alama zile na neno alijualo tangu alipokuwa mgongoni mwa mama yake. Anafumbua tu maandishi ya lugha aliyo nayo tayari, au iliyo jirani nayo.

Tutazame mfano wa karibu. Mwaka 1922, huko Butiama, alizaliwa Julius Kambarage Nyerere, ambaye baadaye alikuwa Rais wa kwanza wa Tanzania. Lugha ya nyumbani kwao ilikuwa Kizanaki. Aliingia shule ya Mwisenge, mjini Musoma, mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12. Hata hivyo alijifunza Kiswahili na Kiingereza barabara, hata akafasiri kwa Kiswahili michezo miwili ya Shakespeare: ule wa Julius Caesar uliotoka mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi uliotoka mwaka 1969.

Angalieni jambo hili vema. Kijana huyu alichelewa kuingia shule, wala hakudhurika. Sababu ni nini? Sababu ni kwamba miaka ile 12 haikupita bure. Alikuwa amesikia hadithi, vitendawili, hesabu za mifugo, na maneno ya wazee barazani. Alikuwa na lugha kamili, na juu ya shina la lugha hiyo zilipandikizwa lugha nyingine.

Sasa mfikirieni mtoto kiziwi wa umri ule ule. Naye amekaa barazani, lakini ameona midomo ikicheza tu. Nyumbani wametunga ishara chache za kumwambia ale, alale, au alete maji. Ishara hizo zafaa kwa vitu vilivyo mbele ya macho. Lakini hazitoshi kumweleza habari za kesho kutwa, wala kwa nini babu amekufa, wala tofauti ya kusema kweli na kusema uongo. Basi mtoto huyu aingiapo shule akiwa na miaka 12, mfuko wake ni mtupu. Mwalimu amwandikiapo "baba," hakuna neno la kufumbuliwa. Ni michoro tu ya chaki.

Wataalamu wa lugha wamekwisha kubaini ya kwamba miaka ya mwanzo wa maisha ndiyo miaka ambayo ubongo hupokea lugha kwa urahisi. Lugha hiyo yaweza kuingia kwa sikio au kwa jicho, ubongo haubagui. Lakini ikipita miaka hiyo bila lugha yoyote, hasara yake ni ngumu kulipwa. Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji.

Midomo haitoshi

Wako watu wasemao, "Kiziwi na afundishwe kutazama midomo, atajua kila tusemalo." Shauri hili ni la zamani. Mwaka 1880 walimu wa viziwi kutoka nchi mbalimbali walikutana mjini Milan, Italia. Karibu wote walikuwa watu wasikiao. Wakaamua ya kwamba kusema kwa midomo ndiyo njia iliyo bora, na lugha ya alama iondolewe katika mafundisho. Uamuzi huo ukaenea duniani. Katika shule nyingi watoto walikatazwa kutumia mikono yao, na wengine waliadhibiwa. Hata Kenya, shule za viziwi ziliongozwa kwa njia ya midomo mpaka katika miaka ya 1980, ndipo alama zilipoanza kupewa nafasi darasani. Mwaka 2010, baada ya miaka 130, mkutano kama ule wa Milan ulipokutana Vancouver, Kanada, uliyakataa maazimio yale na kutangaza masikitiko kwa madhara yaliyotokea.

Kwa nini njia ya midomo peke yake huwashinda wengi? Msomaji aweza kupata jibu kwa kioo kidogo. Simama mbele ya kioo, useme bila kutoa sauti: baba, mama, papa. Utaona midomo yafunga na kufunguka namna ile ile kwa maneno yote matatu. Kisha sema: kaka. Utaona ya kwamba sauti ya "k" hutengenezwa nyuma kinywani, mahali jicho lisipofika. Basi mtoto ambaye hajapata kusikia neno lolote atawezaje kujua kama aitwa na baba au na mama? Yeye aijuaye lugha tayari, kisha akapoteza masikio ukubwani, huweza kukisia kwa kufuata maana. Aliyezaliwa kiziwi hana maana ya kufuata.

Viko vifaa vya kusaidia sikio, navyo vina msaada kwa wale ambao bado wanasikia kidogo. Tena, tangu mwaka 2017 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, imepata kuwapandikizia watoto vifaa vya kusikia ndani ya sikio. Ni jambo la kushukuru. Lakini vifaa hivyo havimfikii kila mtoto, na hata aliyevipata huhitaji mafundisho ya muda mrefu. Hatuwezi kumwambia mtoto wa kijijini angoje chombo miaka kumi, naye hana neno hata moja la kufikiria.

Lugha ya mikono

Lugha ya alama si mchezo wa kuigiza vitu kwa vidole. Ni lugha yenye kanuni zake. Umbo la mkono, mahali mkono ulipo, jinsi unavyokwenda, na jinsi uso unavyokunjuka au kukunjwa, vyote hubadili maana, kama vile kubadili herufi moja kunavyofanya "pika" kuwa "piga." Viziwi wa Tanzania wana lugha yao ya alama, wa Kenya wana yao, na wa Uganda wana yao. Chama cha Viziwi Tanzania, kiitwacho CHAVITA, kilitoa kamusi ya alama hizo mwaka 1993. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 yataka lugha ya alama iendelezwe, nayo Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yaitaja Lugha ya Alama ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza.

Shule nazo zilianza zamani kidogo. Nchini Kenya, shule za Nyang'oma na Mumias, upande wa magharibi, zilianza mwaka 1961. Nchini Tanzania, shule ya kwanza ya viziwi ilifunguliwa na Kanisa Katoliki mjini Tabora mwaka 1963. Ile ya Buguruni, Dar es Salaam, ikafuata mwaka 1974, na baadaye nyingine katika mikoa mingine. Hata leo kwa wazazi wengi wa vijijini shule ya namna hiyo ni safari ndefu na gharama kubwa.

Kama yuko asemaye ya kwamba kiziwi hawezi elimu ya juu, na asikie habari za Andrew Foster. Alizaliwa Marekani mwaka 1925, akawa kiziwi alipokuwa na umri wa miaka 11 kwa ugonjwa wa uti wa mgongo. Mwaka 1954 alipata shahada katika chuo cha viziwi cha Gallaudet, mjini Washington, akiwa miongoni mwa watu weusi wa kwanza kufanya hivyo. Mwaka 1957 alifungua shule ya viziwi mjini Accra, Ghana. Mpaka alipofariki katika ajali ya ndege nchini Rwanda mwaka 1987, alikuwa ameanzisha shule 31 katika nchi 13 za Afrika. Kiziwi mmoja alifundisha walimu ambao wakafundisha maelfu.

Kutoka mkononi hadi kitabuni

Lakini kujua alama peke yake si kujua kusoma. Hapa ndipo penye kazi ngumu ya mwalimu, na hasa mwalimu wa Kiswahili.

Mtoto asikiaye hufundishwa kwa silabi: ba, be, bi, bo, bu. Njia hii yategemea sikio. Kiziwi akiimbishwa silabi siku nzima hapati kitu, kwa kuwa "ba" kwake haina sauti wala maana. Yeye yataka aanze na neno zima lenye maana: aone kitu chenyewe au picha yake, aone alama yake ya mkono, aone neno lililoandikwa, kisha alitaje herufi kwa herufi kwa vidole. Vitu hivi vinne vikienda pamoja, neno hukaa moyoni.

Baada ya maneno huja sentensi, na Kiswahili kina mitego yake. Sisi husema, "Mtoto mdogo anasoma kitabu kizuri," na wakiwa wengi, "Watoto wadogo wanasoma vitabu vizuri." Karibu kila neno limebadilika mwanzo wake. Mtoto wa Nyamuswa asikiaye hapati taabu kubwa, maana Kikizu cha nyumbani nacho kina mpango wa namna hiyo, na sikio lake limezoea. Kiziwi hakuzoea. Lugha ya alama huonyesha wingi na wakati kwa namna nyingine. Kwa hiyo ataandika, "Mtoto soma kitabu zuri." Huo si upumbavu. Ni kosa la mtu aandikaye lugha ambayo hakuipata kwa kusikia, kama sisi tukosavyo tukiandika Kiingereza.

Mtego ulio mkubwa zaidi ni huu: "Juma amempiga Ali," na "Juma amepigwa na Ali." Mtoto akiyajua maneno matatu tu, yaani Juma, kupiga, na Ali, atadhani sentensi hizi ni moja, ilhali mwenye kosa ni mwingine kabisa. Mwalimu ajuaye alama ataonyesha kwa mikono nani alimwelekea nani, kisha atamwonyesha mtoto ile herufi "m" na ile "w," na kazi ya kila moja. Hivyo lugha ya mikono huwa daraja la kufikia Kiswahili cha kitabuni, wala si kizuizi.

Basi somo jema huenda hivi. Kwanza hadithi yasimuliwa kwa alama, na watoto waulizane kwa alama mpaka maana iwe wazi. Kisha hadithi ile ile yaandikwa ubaoni, sentensi baada ya sentensi. Kila mtoto ageuze maandishi kuwa alama. Baadaye ubao ufutwe, naye aandike hadithi kwa maneno yake mwenyewe. Mwisho mwalimu asahihishe pamoja naye, akimweleza sababu ya kila kosa.

Kunakili si kusoma

Liko jambo liwadanganyalo walimu na wakaguzi. Watoto viziwi wengi huandika kwa mwandiko mzuri sana, kwa kuwa macho yao ni makini. Hunakili ubao wote pasipo kuacha nukta. Mgeni akifungua daftari husifu. Lakini mtoto amechora, hakusoma.

Kumjua asomaye si kazi kubwa. Mwalimu na aandike kwenye karatasi, bila kutoa ishara yoyote: "Chukua jiwe, uliweke chini ya kiti." Kisha aandike nyingine: "Usichukue jiwe, chukua kijiti, ukiweke juu ya kiti." Mtoto akiweka jiwe chini ya kiti mara zote mbili, ameliona neno "jiwe" na "kiti," lakini hajasoma "usi" wala "juu." Jaribio kama hili lifanywe kila juma, na matokeo yaandikwe. Hapo mwalimu atajua ukweli mapema, si siku ya mtihani.

Yatupasa pia tutenge mambo mawili yanayochanganywa. Kuondoa kizuizi ni jambo moja. Kupunguza kipimo ni jambo lingine. Kumpa mtoto mwalimu ajuaye alama, kumkalisha mbele ili aone, kumwongezea muda katika mtihani kama Baraza la Mitihani la Tanzania lifanyavyo kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu, hayo yote ni kuondoa kizuizi. Lakini kumpa alama za kupita kwa huruma, kumwachia kushona na kufuma tu watoto wengine wakisoma hesabu, au kutomsahihisha kwa kusema "maskini, huyu ni kiziwi," huko ni kumnyang'anya elimu yake kwa sura ya wema. Na liko kosa la upande wa pili: kumtia katika darasa la watoto 80, mwalimu asiyejua hata alama moja akisema huku ameuelekea ubao, kisha kudai ya kwamba ametendewa sawa na wenzake.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 nchini Tanzania yampa mtoto mwenye ulemavu haki ya elimu kama mtoto mwingine. Walimu wa elimu maalumu hufundishwa, na Chuo cha Ualimu Patandi, mkoani Arusha, chajulikana kwa kazi hiyo. Lakini haki iliyoandikwa haimfikii mtoto mpaka pawe na mtu wa kuidai kwa ajili yake.

Kazi ya wazazi na majirani

Mzazi, anza mapema. Mtoto wa miezi michache asiyeshtuka mlango unapobamizwa, au wa mwaka mmoja asiyegeuka akiitwa jina lake nyuma ya mgongo, mpeleke hospitali, wala usingoje. Sikio litoalo usaha litibiwe. Chanjo zisikosekane, pamoja na ile ya surua na rubela iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2014, maana magonjwa hayo huharibu masikio ya watoto, na rubela huwadhuru hata wale walio bado tumboni.

Akithibitika kuwa kiziwi, usimfiche. Nenda kwa Afisa Elimu wa wilaya yako, uulize ni shule gani au kitengo gani kipokeacho watoto viziwi. Mtafute kiziwi mtu mzima ajuaye lugha ya alama, umkaribishe nyumbani. Yeye ndiye mwalimu wa kwanza wa mtoto wako na wako wewe.

Na akienda shule ya bweni, kazi yako haikwisha. Watoto wengi hurudi likizo na lugha mpya mikononi, wasimkute hata mtu mmoja wa kuzungumza naye; wakakaa katika nyumba ya baba yao kama wageni. Mama, baba na ndugu wakijifunza kwake alama tano tu kila siku, likizo ya wiki nne itawapa alama 140. Kwa hizo waweza kuzungumza habari za shamba, za mifugo na za jamaa.

Kisha andikianeni. Mwachie karatasi asubuhi: "Nimekwenda Bunda. Nitarudi jioni. Mpe ndama maji." Mtumie ujumbe katika simu, naye ajibu. Kwa kiziwi, karatasi ndiyo sikio. Kwa hiyo atajua kipimo cha dawa aliyopewa, bei ya pamba aliyopimiwa, na maneno ya mkataba kabla ya kutia sahihi. Asiyesikia wala kusoma hana budi kuwaamini watu wote, wema na wabaya.

Wasomaji, kama katika kijiji chako yuko mtoto wa namna hii, ulizia leo jina lake halisi, ulijue na kulitumia. Kisha ulizia yuko darasa la ngapi. Kama hayuko darasani, zungumza na wazazi wake, kwa upole na bila kuwaaibisha. Kama yuko, mpe karatasi yenye sentensi moja, uone kama aisoma. Hapo mtajua, wewe na mwalimu wake, kazi ianzie wapi.